Arthur Wharton, Mlinda Goli Aliyetoka Accra

  Msogee karibu, na wale wa nyuma wanyamaze, maana habari ya leo ni ya mpira.

Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja wa chuo chetu cha ualimu, wa mwaka wa pili, alitujia jioni baada ya chakula, naye ameshika barua mkononi. Kijana huyu ni mlinda goli, na kusema kweli hatujapata kumwona mwingine mwenye mikono kama yake. Barua ilitoka kwa chama kimoja cha mpira mjini. Wamtaka aende akawachezee kwa mshahara, nao watampa chumba cha kulala na viatu. Alisimama mlangoni akasema, "Mwalimu, naomba ruhusa niondoke kabla muhula haujaisha." Jibu letu la kwanza lilikuwa kali. Tulimwuliza kama baba yake aliuza ng'ombe wawili ili mwanawe aje chuoni kudaka mipira. Hakujibu neno. Akaikunja ile barua, akaitia mfukoni, akaenda zake.

Usiku ule usingizi ulitupotea, kwa kuwa tulijua tumemjibu kwa hasira wala si kwa maarifa. Tumesomesha miaka mingi, tumehukumu wachezaji wengi, walakini hatujapata kukaa chini tukasoma maisha ya mtu mmoja aliyekula mkate wake kwa mpira tangu mwanzo hata mwisho. Basi tukatafuta, tukakuta habari za kijana wa Afrika ya Magharibi ambaye naye alipelekwa kusomea kazi ya kufundisha na kuhubiri, akaiacha, akaenda kusimama golini. Jina lake ni Arthur Wharton.

Alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1865 katika mji wa Accra, nchi iliyoitwa wakati ule Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo. Baba yake, Henry Wharton, alikuwa mchungaji wa Wamethodisti aliyetoka kisiwa cha Grenada katika bahari ya Karibi, mwenye damu ya Kiafrika na ya Kiskoti. Mama yake, Annie Florence Egyriba, alikuwa na udugu na ukoo wa kifalme wa Wafante. Kwa hiyo hakuwa mtoto wa kuokotwa njiani. Nyumbani mwao palikuwa na vitabu, na watu walipompita baba yake barabarani walimwamkia kwa heshima. Baba alifariki Arthur akiwa bado mtoto, lakini shauri la wazee juu yake halikubadilika: asome, awe kama baba yake.

Mwaka 1882 akavuka bahari kwenda Uingereza. Alisoma kwanza Cannock, kisha akaenda Cleveland College katika mji wa Darlington, kaskazini ya Uingereza. Huko ndiko mashauri ya wazee yalikoanza kulegea. Kijana alikuwa na miguu. Kila mahali walipokimbia, alikuwa mbele. Tarehe 3 Julai 1886 alisimama katika uwanja wa Stamford Bridge, London, kwenye mashindano ya taifa ya wanariadha wasiolipwa, akakimbia yadi 100 kwa sekunde 10 kamili. Tena si mara moja tu: alikimbia hivyo katika mchujo, akakimbia hivyo katika fainali. (Uwanja huo ndio ule ambao tangu mwaka 1905 umekuwa nyumba ya Chelsea, vijana wanaolitaja jina lake kila Jumamosi hawajui ni nani aliyepita pale kabla ya wote hao.) Katika mashindano yale ya ubingwa wa Uingereza hapakuwa pametokea mtu kuandikiwa muda kama huo, na mwaka uliofuata, 1887, akaushika ubingwa tena.

Twaomba mwanafunzi yeyote atusikiaye atoke nje kesho, apime yadi 100, ambazo ni mita 91 na kitu, akimbie rafiki yake akishika saa. Ndipo atakapojua maana ya sekunde 10. Wharton hakuwa na kiatu cha kisasa wala njia ya mpira wa kunesa. Alikimbia juu ya njia ya zamani kama wenzake wote.

Sasa mtu mwepesi namna ile wangemweka wapi katika mpira? Sisi tungalimweka pembeni, akimbie na mpira mpaka kona. Wao wakamweka golini! Darlington walimweka golini, na kule golini ndiko alikojulikana. Ili mfahamu kwa nini, ni lazima kwanza tuwaeleze jinsi kazi ya mlinda goli ilivyokuwa siku zile, maana haikuwa kazi hii mnayoiona leo.

Goli lilikuwa nguzo mbili na mti wa kukingama juu, basi. Nyavu zilikuwa bado hazijaletwa, zilianza kutumika mwaka 1891. Mlinda goli aliruhusiwa kuushika mpira kwa mikono popote katika nusu yake ya uwanja, na ruhusa hiyo ilidumu mpaka mwaka 1912, ndipo akafungiwa ndani ya eneo lake dogo. Twaweza kuona mara moja faida ya miguu myepesi kwa mtu mwenye ruhusa kubwa kama hiyo. Lakini palikuwa na upande wa pili. Wapinzani nao walikuwa na ruhusa ya kumpiga kikumbo, na katika miaka ya mwanzo waliweza kumwangusha hata asipokuwa na mpira. Ilikuwa desturi mshambuliaji mmoja aje mbio na mpira, na mwingine aje mbio kumwondoa mlinda goli miguuni pake. Mtu aliyesimama pale kila Jumamosi alirudi nyumbani na mbavu zinazouma.

Wharton alikuwa na namna yake. Alipenda kuchutama kando ya nguzo, kana kwamba mchezo haumhusu, mpaka dakika ya mwisho kabisa. Kisha akaruka kutoka pale kama chui atokaye majanini, na mpira ukawa umekwisha kuondoka. Ngumi yake ilisifiwa sana. Aliupiga mpira kwa ngumi ukaenda mbali, na mara nyingine kichwa cha mpinzani kilikuwa karibu mno na mpira, hata ngumi haikuweza kuchagua. Mtazamaji mmoja aliandika katika gazeti la Sheffield mwaka 1942, miaka mingi baada ya mambo hayo, akieleza aliyoyaona alipokuwa kijana: Wharton aliruka akaudandia ule mti wa juu, akaudaka mpira kwa miguu miwili, na wachezaji watatu waliokuwa wakija mbio wakaangukia wavuni wao wenyewe bila mpira. Mzee yule alisema hajapata kuona udakaji wa namna hiyo tena. Fikirini, wasikilizaji. Vita kuu ya pili imepamba moto, magazeti yamejaa habari za mabomu, na mtu bado akumbuka mpira mmoja uliodakwa zamani!

Mwaka 1886 Preston North End wakamwita. Hao walikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya Uingereza. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1885, wakubwa wa mpira walikuwa wameruhusu wachezaji walipwe waziwazi; kabla ya ruhusa hiyo malipo yalipitia mlango wa nyuma, chama kikimpa mtu kazi ya jina tu kiwandani. Wharton alikwenda Preston akiwa bado ahesabiwa katika wachezao kwa kupenda tu. Wakafika nusu fainali ya Kombe la Uingereza mwaka 1887, wakafungwa na West Bromwich Albion, mabao 3 kwa 1.

Siku hizo sifa zake zilikuwa zimeenea hata wako waliosema kwamba afaa kulinda goli la Uingereza. Hakuitwa hata mara moja. Gazeti moja la michezo la mwaka 1887 liliandika juu yake kwa dhihaka, likamtaja kwa rangi yake, likauliza kama kichwa chake ni kizito mno hata asifahamu ya kuwa katikati ya nguzo si mahali pa kuchezeacheza. Tumelisoma neno hilo mara mbili. Mchezo wake wa kuchutama na kudandia mti, ambao watu walilipa kiingilio ili wauone, mwandishi yule aliufanya kuwa ushahidi wa upungufu wa akili. Angaliufanya mtu mwingine, pengine ungeitwa ustadi.  Lakini Wharton akaendelea kucheza.

Sasa twafika mahali ambapo tungependa yule kijana wetu asikilize kwa masikio mawili. Mwaka 1888 Wharton aliondoka Preston. Alifuata mbio za fedha katika mji wa Sheffield. Mbio hizo zilikuwa za kuwekeana fedha: mkimbiaji ajulikanaye kuwa mwepesi husimamishwa nyuma ya wenzake kwa yadi kadhaa, na wengine hutangulizwa, ili ushindi usijulikane mapema na watu wapate kubahatisha. Kwa mtu wa sekunde 10 ilionekana kuwa ni biashara nzuri. Lakini mwaka uleule wa 1888 ndio ulioanzishwa mashindano ya Ligi ya Uingereza, ya kwanza ya namna yake duniani, vyama 12. Preston walicheza michezo 22, wakashinda 18, wakatoka sare 4, hawakufungwa mchezo hata mmoja. Tena wakatwaa Kombe bila kuruhusu bao. Mpaka leo waitwa Wasioshindika. Jina la Wharton halimo katika orodha hiyo. Alikuwa ameondoka muda mfupi tu kabla ya mavuno.

Je, alikosea? Tulipoanza kusoma tulikuwa tayari kusema ndiyo. Lakini nani angaliyajua hayo kabla? Ligi ilikuwa jambo jipya, na mbio zilikuwa zikilipa fedha jioni ileile. Kijana asiye na baba, aliye mbali na nyumba ya mama yake kwa safari ya majuma katika meli, hawezi kulaumiwa sana kwa kuhesabu fedha iliyo mezani.

Mwaka 1889 akatia sahihi kwa Rotherham Town, sasa kama mchezaji wa mshahara. Kwa ajili ya sahihi hiyo wachunguzi wengi wa habari za mpira humtaja kuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza mpira kwa malipo. Kabla yake alikuwako Andrew Watson, mzaliwa wa Guyana, aliyeichezea Scotland mwaka 1881. Lakini huyo huhesabiwa kwa kawaida miongoni mwa wachezaji wasiolipwa. Mwaka 1890 Wharton alimwoa Emma Lister huko Rotherham. Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa ya utulivu wake. Mji ule ulimjua, naye aliujua. Majira ya joto, mpira uliposimama, alicheza kriketi. Na mapema zaidi, mwaka 1887, alikuwa amewashinda watu wote kwa wepesi wa safari ya baiskeli kati ya Preston na Blackburn. Alikuwa na mwili usiojua kukaa kitako.

Hata mwaka 1894 Sheffield United wakamchukua. Chama kikubwa, Daraja la Kwanza. Mtu angedhani sasa amefika. Lakini mwaka uleule chama hicho kilimpata mlinda goli mwingine, kijana wa miaka 20, jina lake William Foulke. Huyu alikuwa mrefu mno, na baadaye akanenepa hata akapita kilo 125. Akisimama golini, watu walisema, goli lenyewe halionekani. Wharton alikuwa karibu na miaka 30. Msimu mzima alipangwa michezo mitatu tu. Mmoja kati ya hiyo ulikuwa wa Ligi, dhidi ya Sunderland, mwaka 1895, na kwa mchezo huo akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza katika Daraja la Kwanza la Uingereza. Sunderland ndio waliokuwa mabingwa msimu ule. Basi mtu amefungua mlango ambao maelfu wamepita baada yake, na siku yenyewe yeye alikuwa mchezaji wa akiba, akimwazima kijana mnene nafasi yake.

Miaka iliyobaki twaipita upesi, kama yeye alivyoipita. Alirudi Rotherham. Akaenda Stalybridge Rovers, akaenda Ashton North End, chama kilichofilisika mwaka 1899 na kuwaacha wachezaji wake mikono mitupu, akamalizia Stockport County mwaka 1902. Mara nyingine walimtoa golini wakamchezesha mbele. Alipata pia kuendesha nyumba ya kuuza pombe, kazi waliyopewa wachezaji wengi siku zile, kwa kuwa watu walipenda kunywa mahali wanapomwona mtu mashuhuri. Ni kazi mbaya kwa mtu ambaye yeye mwenyewe aipenda chupa. Na waandishi wa maisha yake husema kwamba chupa ilimdhuru.

Tumejaribu kutafuta aliweka akiba gani. Hesabu yenyewe si ngumu. Mwaka 1901, mwaka mmoja kabla hajaacha mpira, wakubwa wa mpira waliweka amri kwamba mchezaji asilipwe zaidi ya pauni 4 kwa juma, awe stadi namna gani. Kuwapo kwa kipimo katika mishahara kuliendelea mpaka mwaka 1961. Mtu aliyevunjika hakuwa na dai kubwa. Na mchezaji wa pembeni mwa orodha, mtu wa miaka 36 katika chama kidogo, hakukikaribia hata hicho kipimo cha juu.

Baada ya mpira alishuka chini ya ardhi. Si mfano wa maneno, wasikilizaji: alishuka shimoni. Alifanya kazi ya kuvuta na kusukuma mizigo katika machimbo ya makaa ya mawe, na miaka yake ya mwisho ilikuwa katika machimbo ya Yorkshire Main, kijiji cha Edlington karibu na Doncaster. Yule aliyekimbia yadi 100 mbele ya watu wa London, sasa alifanya kazi mahali pasipo jua, akisukuma behewa la makaa. Twawaheshimu wachimbaji, wala hatusemi kwamba kazi yao ni aibu. Aliifanya kwa miaka mingi na ikamlisha. Lakini katika tuliyoyasoma hatukuona chama hata kimoja kati ya vile alivyovichezea kilichomtafuta kule.

Alifariki tarehe 13 Desemba 1930, akiwa na miaka 65. Alizikwa katika makaburi ya Edlington, na juu ya kaburi hapakuwekwa jiwe wala jina. Majani yakaota. Ilipita miaka 67. Mwanahistoria Phil Vasili akaanza kuzikusanya habari zake, na chama kimoja cha Sheffield, Football Unites, Racism Divides, kikachangisha fedha. Mwaka 1997 jiwe likasimamishwa lenye jina lake. Mwaka 2003 akaandikwa katika Ukumbi wa Heshima wa mpira wa Uingereza. Mwaka 2014 sanamu yake ya shaba ikasimamishwa St George's Park, mahali wanapofanyia mazoezi wachezaji wa timu ya taifa ya Uingereza, ambayo haikumwita. Yumo angani, mkono umenyoshwa, auwahi mpira.

Tulipokwisha kusoma hayo tulimwita kijana wetu, tukamsomea yote, na wala hatukuficha sehemu tamu. Tulifikiri atakata tamaa. Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza, "Mwalimu, kama angalikuwa na cheti cha ualimu, angalishuka shimoni?" Tukamwambia kwamba pengine asingalishuka. Akasema, "Na kama asingalicheza, nani angalinisomea habari zake leo?" Hapo sisi tulinyamaza, na tulimwomba radhi kwa neno la wale ng'ombe wawili.

Tumeafikiana hivi. Atakaa chuoni mpaka mtihani, miezi mitano tu, na chama kile tumekiandikia barua. Jumamosi ijayo tutapanda basi pamoja naye hadi ofisi yao, tukaulize mbele ya katibu wao ni nani atakayelipa hospitali mguu ukivunjika, na miezi isiyo na mashindano mshahara watoka wapi. Tutataka majibu kwa maandishi, yenye sahihi na mhuri. Baba yake naye ameletewa habari. Tulitazamia ghadhabu kutoka kwake. Lakini ametuma salamu kwetu, na neno moja tu kwa mwanawe: kwamba kama ni kweli watampa viatu vipya, vile vya zamani asivitupe, mdogo wake ameanza kusimama golini.